Usukani Upande wa Kushoto

Mumbuni, jioni ya kuamkia safari yako

Mutua mwanangu,

Mambo ya sweta, pasipoti na kula vizuri sitayaandika. Mwende amekuimbia hayo wiki nzima mpaka sisi wote tumeyajua kwa moyo, na mchungaji akayarudia leo kwenye maombi kana kwamba wewe ndiye mtu wa kwanza kutoka Machakos kwenda kuona baridi. Mimi niko na jambo moja tu. Ningekuambia kwa mdomo, lakini mimi na wewe tukianza kuongea juu ya gari, mmoja wetu hukumbuka ghafla kwamba ng'ombe hawajanyweshwa maji.

Ni maneno ya jana wakati wa chakula ndiyo yamenikalisha hapa na kalamu. Mwende alikuuliza kama utatutumia picha za yale maporomoko makubwa ya maji yaliyo karibu na Toronto. Ukasema labda, kama treni inafika. Akakwambia eti wanafunzi wa huko hukodi gari watatu au wanne pamoja, wanatoka asubuhi, wanatembea, wanarudi jioni. Nawe ukacheka ukasema, "Mimi na magari tuliachana kitambo, hata talaka niko nayo." Watu wote mezani wakacheka. Mimi niliinuka nikaenda jikoni kuangalia sufuria ya muthokoi ambayo ilikuwa imeiva zamani.

Talaka hiyo niliiandika mimi, tusidanganyane. Ulikuwa ndiyo kwanza umepata leseni. Nilikutuma Konza kuchukua nyasi za ng'ombe, na mdogo wako Mwende akapanda nawe kwa sababu alikuwa amechoka kukaa nyumbani. Mkirudi, punda milia akakatiza barabara, ukamkwepa, pikapu ikalala kwa ubavu kwenye ule udongo mweusi. Punda milia akaenda zake. Mwende akavunjika mkono. Jirani alinileta, nikakuta umati wa watu, nyasi zimetapakaa kila mahali, na wewe umesimama kando umeshika kiatu kimoja cha dada yako. Sikukuuliza kama umeumia. Nilisema, watu wote wakisikia, "Huyu asiguse tena gari yangu mpaka nife."

Ilikuwa ni woga, mwanangu, lakini woga huo ulinitoka ukiwa umevaa hasira. Pikapu ile ndiyo iliyowalisha na kuwasomesha tangu baba yenu atutoke, na siku hiyo njiani kwenda Konza nilikuwa nimeshawazika nyote wawili kichwani mwangu. Hasira yenyewe iliisha kabla Mwende hajatolewa plasta. Maneno ndiyo yalibaki. Mimi nilingoja uombe ufunguo, wewe ukangoja upewe. Ukaidi huu umeutoa upande wangu, kwa susu yako, mama yangu mzazi, maana baba yako alikuwa mtu mpole. Sasa ni mwaka wa tatu unaenda mjini kwa miguu na gari imekaa uani, na mtu akikuuliza unasema unapenda kunyoosha miguu.

Wacha nikuambie ya Hamburg. Mnajua nilienda, na picha iko ukutani, lakini mlikuwa wadogo na niliwaletea chokoleti, basi hamkuuliza zaidi ya hapo. Kikundi chetu cha mwethya, wale akina mama wa kuchimba mitaro na kujenga matangi kwa zamu, kilikuwa kimesaidiwa na kanisa moja la kule. Wakaomba mwanamke mmoja kutoka kwetu na mwingine kutoka Tanzania waende wakae nao miezi mitatu, wasimulie makanisani jinsi maji yalivyopatikana. Nikachaguliwa mimi kwa sababu nilikuwa mwenyekiti, na pia kwa sababu siogopi kuongea. Kutoka Tanzania alikuja Mama Aneth, Mpare wa Same, mwanamke mrefu mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Nikisema niko na njaa, yeye anauliza hiyo njaa iko wapi aisalimie.

Miezi miwili ya kwanza hatukuiona Ujerumani. Tuliona treni. Kutoka nyumba ya wenyeji wetu mpaka kanisani, kutoka kanisani mpaka ukumbini, kutoka ukumbini kurudi kulala. Watu walikuwa wema, chakula kilikuwa kingi, lakini mimi nilianza kukonda. Mama Aneth akasema akirudi Same na kuulizwa nchi ya watu ilikuwaje, itabidi awatajie majina ya stesheni. Hili ndilo nakuogopea wewe, Mutua, kuliko baridi. Hakuna atakayekufanyia ubaya. Utakuwa tu na chumba, basi, darasa na kibarua, halafu miaka minne itakwisha na hutakuwa umeona hata shamba moja. Kijana aliyekulia hapa, aliyezoea kuinua macho akaona vilima, atakauka akiwa bado anapita mitihani.

Basi Jumamosi moja wenyeji wetu walisafiri kwenda kumwona mjukuu, nasi hatukuwa na mkutano. Nikamwambia Mama Aneth, twende tukakodi gari tuione bahari yao na wakulima wao. Leseni ya kimataifa nilikuwa nayo, niliichukua Nairobi kabla ya kuondoka, na ilikuwa bado mpya kwenye bahasha. Mama Aneth akaniuliza, "Kwani wewe unaendesha?" Nikamjibu kwamba mimi napeleka maembe sokoni kwa pikapu kila wiki, kwa barabara ambazo Mjerumani akiziona ataomba arudishwe kwao. Nilijisifu vizuri kabisa.

Tulipata Mturuki mmoja mnene aliyekuwa na yadi ndogo nyuma ya stesheni. Akapokea amana yetu, kisha akatoka na karatasi iliyochorwa gari, akaanza kuizunguka ile gari pole pole, anainama, anaweka alama. Mimi nilisimama mbali nimekunja mikono, nimekasirika. Mama Aneth akauliza anaandika nini, nikamwambia anaandika makosa yangu mapema. Kumbe yule mtu alikuwa ananilinda. Alikuwa anaandika mikwaruzo ya zamani, ili nikirudi isije ikasemekana ni yangu. Wewe ukikodi, zunguka naye, na umwonyeshe hata ule ambao hakuuona.

Nikafungua mlango wa kulia, nikaketi, nikajinyoosha vizuri, nikatafuta usukani, hakuna. Mama Aneth alikuwa ameshakaa upande wa kushoto na kijikapu chake cha mayai mapajani. Akasema kwa upole, "Mama Mutua, huku kwangu kuna kitu nadhani kinakuhusu." Tukashuka, tukabadilishana, na yule Mturuki akageuka akaangalia ukuta ili asicheke mbele yetu.

Mwanangu, mwili una mazoea yake na hauulizi ruhusa. Nikitaka kubadilisha gia, mkono wa kushoto unaenda unagonga mlango. Nikitaka kuonyesha nakata kona, naziwasha zile fagio za kioo, na siku hiyo hapakuwa na tone la mvua. Tulitoka mjini kwa mwendo wa mazishi, magari yametufuata nyuma mstari mrefu, hakuna anayepiga honi, jambo ambalo lilinitisha zaidi kuliko wangepiga. Lakini tulitoka. Mashamba yakaanza, ng'ombe weusi na weupe, nyasi hadi mwisho wa macho. Nikaanza hata kuimba.

Hapo ndipo nilipoharibu. Katika kimji fulani nilikata kona ya kushoto, na nikaingia barabara kwa upande wetu wa huku nyumbani bila kufikiri. Mbele yangu lori. Dereva akasimama kabisa, akaondoa mikono yote miwili kwenye usukani akaiinua, si kwa hasira, kama mtu aliyechoka anayekuuliza sasa tufanyeje. Nikarudi nyuma, nikapanda kwenye nyasi, nikazima gari. Nikalia pale, mimi mwenyekiti wa mwethya, nikamwambia Mama Aneth tuiache gari hapo hapo, tutafute treni, mwenyewe atakuja kuchukua mali yake.

Mama Aneth alitoa yai kwenye kijikapu, akalimenya lote, akalitia chumvi, akalila mpaka likaisha. Ndipo akasema, "Umemaliza? Kwa sababu mimi gari hili sijui hata kuliwasha. Ukishuka wewe, tumehamia hapa." Nikamwambia nitaua mtu. Akasema, "Hutaua mtu, mimi nipo. Kila tukifika kwenye kona nitapiga hapa mbele kwa mkono wa upande wa kwenda. Wewe sikiliza mkono wangu, mengine yaache." Kisha akanipa yai langu. Na kweli, siku nzima, kila kona, alipiga ile gari kwa kiganja mpaka nikaogopa Mturuki ataongeza alama.

Nimefikiria sana juu ya lile yai. Mama Aneth hakunitia moyo kwa maneno yoyote matamu. Hakusema mimi ni dereva hodari, maana alikuwa ameona kwa macho yake kwamba siyo. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuendesha, basi. Woga wangu haukupata hata nusu saa ya kukaa chini na kuagiza chai. Kama siku hiyo kungekuwa na mtu mwingine kwenye kiti cha nyuma, aseme, "Toka, wacha mimi," ningetoka, na nadhani hata hapa Machakos nisingeendesha tena kwa raha.

Tukaingia barabara ndogo za vijijini, na huko tukafanya kosa la Kikamba. Wewe unajua kwetu gari yenye nafasi haimpiti mtu aliyesimama barabarani. Ukimpita, kesho kutwa utasikia kwamba siku hizi unajiona. Basi kila kituo cha basi tulichokuta mtu, tulisimama. Wa kwanza alikuwa mzee wa kofia, akatuangalia, akaangalia namba ya gari, akafungua gazeti lake. Mama mmoja akamvuta mtoto wake nyuma ya sketi. Mama Aneth alikuwa ametoa kichwa dirishani na tabasamu lote la Same, anawaambia, "Karibuni, sisi tunaenda mbele." Nikamwambia labda wanadhani tunawaiba. Akasema, "Kwa mwendo wako huu? Wakitaka watashuka tukiwa tunaenda."

Kituo cha nne au cha tano kulikuwa na bibi mzee na mfuko wa vitunguu. Alituangalia kwa muda, kisha akatanguliza vitunguu, akafuata mwenyewe. Hakujua Kiingereza, sisi Kijerumani chetu kilikuwa cha asante na bwana asifiwe. Alichofanya ni kuupitisha mkono katikati ya viti vyetu na kunyoosha kidole. Tukakifuata kile kidole. Kilitutoa kwenye njia ya baharini, kikatupitisha kwenye miti, kikatufikisha kwenye nyumba ya matofali yenye matofaa nyuma. Bahari sikuiona mpaka leo, na sijawahi kujuta.

Alitupa kahawa na keki ya matunda, akatukatia vipande vikubwa kama vya harusi. Mama Aneth akaomba kwa Kiswahili, na bibi akafumba macho akaitikia amina mahali pake kabisa. Kisha akatutoa nje atuchumie matofaa. Akafungua kibanda kuchukua kikapu, na ndani ya kibanda kulikuwa na gari iliyofunikwa shuka la maua. Akaona naiangalia, akaliinua shuka. Gari ya buluu, safi, inang'aa, magurudumu yote yameisha upepo. Nikamwonyesha kwa mikono: unaendesha? Akashika usukani usiokuwepo, akaugeuza mara moja hivi na mara moja vile, akatikisa kichwa, akaweka kiganja kifuani. Akasema neno moja ambalo sikulijua. Halafu akaifunika tena, akachomeka pembe za shuka chini ya magurudumu kama mtu anayemlaza mtoto.

Sijui ni nini kilitokea. Labda mume wake alifia humo, labda yeye mwenyewe alianguka nayo, labda hakuna siku mtu alimwambia jaribu tena. Wakati ule nilifikiri tu, mzee amechoka. Tukapokea matofaa, tukamkumbatia, tukarudi mjini Mama Aneth akipiga kona zake. Tulimkuta Mturuki anafunga lango. Akaizunguka gari na karatasi yake, akakuta matope tu, tukampa matofaa mawili, akatupa mkono kama wanaume.

Nilimwelewa yule bibi mwaka jana, hapa hapa, wakati wa zile mvua za Novemba. Nilikuwa dirishani. Ulikuwa unatoka mjini, umebeba unga begani umefunikwa kwa koti lako, wewe mwenyewe umelowa mpaka mifupa. Ukaipita pikapu pale uani karibu kabisa, ukageuza uso upande wa pili. Nikamwona yule bibi kituoni na vitunguu vyake, na gari yake nyumbani chini ya shuka. Nikasema, Mungu wangu, shuka hili nimelishona mimi. Ningetoka saa ile ile nikuambie. Niliona aibu, Mutua. Nilikupa taulo na chai, nikauliza unga ni bei gani.

Sitaki uende ukapende magari. Nataka uwe na Jumamosi. Nataka siku moja wewe na wenzako mchange, mzunguke gari na mwenye yadi, mtoke kwenye ule mji mkubwa asubuhi na mayai ya kuchemsha, mpotee kidogo, mlishwe na mtu msiyemjua, mrudi jioni mmechoka. Baada ya siku ile ya Hamburg ile nchi ilikuwa yangu kidogo, na mwezi uliobaki nilianza kunenepa. Lakini huko uendako hakuna atakayekubana. Watakuwepo wengine wa kuendesha, na treni itakuwepo, na utakaa kiti cha nyuma ukicheka ule utani wako wa talaka mpaka uzeeke nao. Ndiyo maana lazima ianzie hapa, kabla hujapanda ndege.

Kwa hivyo sikiliza. Leseni yako nimeilipia, iko kwenye bahasha moja na barua hii. Ndege ni ya usiku, tutatoka hapa saa nane mchana, tupite Kyumvi, Athi River, Syokimau, barabara yote unaijua. Majirani watakuja uani kukuaga, na wengi wao ni wale wale waliokuwa Konza. Yale maneno niliyasema mbele ya watu, na nitayaondoa mbele ya watu. Nitasema, "Nilimkataza mwanangu gari, na sikuwa na haki," kisha nitanyoosha mkono wenye ufunguo. Sikutaka nikushtukize, uone nakufanyia sinema mbele ya watu siku yako ya mwisho. Ndiyo sababu umeandikiwa, uwe na asubuhi nzima ya kufikiri. Ukiona huwezi, usiunyooshe mkono wako, mimi nitawasha gari na hakuna atakayesema neno, nikiwemo mimi. Ufunguo utabaki wako hata hivyo, uondoke nao.

Kurudi nitaendesha mimi. Nilikuwa nimempangia Mwende aje uwanja wa ndege na gari ya jirani, nikidhani hatataka kuingia pikapu ile ukiwa wewe ndiye dereva. Nilimwambia hivyo leo tukichambua ndengu. Akaacha ungo, akaniangalia, akasema, "Mwaitu, kwani ni nani alivunjika mkono, ni wewe?" Ameshachagua kiti. Anataka kile cha dirishani, alichokuwa amekaa siku ile. Mimi nitakaa katikati yenu.

Mama yako.